Ishara na Dalili: Maelezo ya Mzunguko wa Uzazi wa Ng'ombe kwa Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili kijitabu cha mafunzo ya wafugaji. Kilikuwa cha kurasa chache, nami, niliyekuwa nimerejea karibuni kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari wa isimu, niliidhania kazi hiyo kuwa nyepesi. Mahali pamoja niliandika hivi: "Ng'ombe akiwa na joto, mwite bwana mifugo bila kuchelewa." Sentensi ilikuwa sahihi kwa sarufi, wala hapana aliyeona dosari ndani yake. Baadaye nilikwenda katika kijiji kimoja cha wafugaji, upande wa kaskazini wa Tanzania, kusikiliza jinsi kijitabu kilivyopokewa. Mzee mmoja, baada ya kunikaribisha na kunijulia hali, aliniambia kwa upole: "Mwalimu, mtamba wangu alilia usiku kucha na kuwapanda wenzake. Nikakumbuka maneno ya kitabu. Nikamshika masikio, nikayaona ya baridi. Nikasema, basi, huyu hana joto, hapana haja ya kumwita bwana mifugo. Kumbe mlitaka kusema kwamba anataka dume?" Nilimjibu, "Naam, mzee wangu, ndivyo." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi siku zangu ishirini na moja zimekwenda bure."

Aibu niliyoipata siku hiyo ndiyo asili ya makala haya. Nilirudi nikasoma yale ambayo wataalamu wa elimu ya wanyama wameyagundua juu ya uzazi wa ng'ombe, nikatambua kwamba kosa langu halikuwa la neno moja tu. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimekwisha kuyatenga tangu zamani, yaani ishara na dalili.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini matumizi yake katika lugha yetu hayafanani. Wingu jeusi ni dalili ya mvua. Wingu lenyewe halikukusudia kumwarifu mtu, bali mtazamaji ndiye aliyefikiri na kukisia. Ishara, kwa upande mwingine, hutoka kwa mmoja ikamfikia mwingine aliye tayari kuipokea. Ndiyo maana twasema "alimpa ishara", wala hatusemi "alimpa dalili". Dalili huonwa, ishara hupelekwa na kupokewa. Nadai kwamba mzunguko wa uzazi wa ng'ombe hauelezeki vema kwa Kiswahili mpaka tofauti hiyo ishikwe. Mfugaji huona dalili, lakini viungo vya ndani huendeshwa na ishara. Na ishara iliyo kubwa kuliko zote, ile ya kuokoa mimba changa, haina dalili yo yote machoni.

I. Jina la joto

Neno joto, katika maana ya ng'ombe kutaka dume, limetufikia kwa njia ya tafsiri. Waingereza huita hali hiyo kwa neno lile lile walitumialo kwa joto la jua na la moto, nasi tuliotafsiri tukalibeba kama lilivyo. Wataalamu nao wana neno la kitaalamu ambalo asili yake ni Kigiriki, oistros, na maana yake ya kwanza ni nzi mkubwa aumaye ng'ombe na kuwafanya watimke malishoni kama wenye wazimu. Majina yote mawili ni majina ya dalili. Mgiriki alimwona ng'ombe asiyetulia, akamfananisha na aliyeumwa na nzi. Mwingereza aliona mnyama mwenye harara, akamfananisha na kitu cha moto. Hapana hata mmoja aliyetaja jambo litendekalo ndani.

Ni kweli kwamba kipimo chaweza kuonyesha joto la mwili limepanda kidogo siku hiyo, lakini si kwa kiasi cha kutambuliwa kwa mkono. Mzee yule alishika masikio kwa sababu hiyo ndiyo njia ya wafugaji ya kutafuta homa. Alilisoma neno langu kwa maana yake halali. Aliyekosea ni mimi. Kiswahili kilikuwa na msemo wake ulio wazi, "kutaka dume", ambao hutaja haja ya mnyama wala hauwezi kudhaniwa kuwa homa.

II. Ishara za damu

Mwaka 1902 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walionyesha kwamba utumbo hutoa kitu ambacho hupita katika damu na kuiamrisha kongosho kumwaga maji yake, hata mishipa ya fahamu ikiwa imekatwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1905, Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Jina hili, tofauti na yale mawili tuliyoyataja, ni jina la kazi, na kwa hiyo limedumu bila kupotosha watu.

Homoni ni ishara kwa kila sharti. Yuko mpelekaji, ambaye ni tezi; iko njia, ambayo ni damu; na yuko mpokeaji. Lakini damu hupita kila mahali, nayo haichagui mlango wa kubisha. Yawezekanaje basi amri iliyokusudiwa kiungo kimoja isitiiwe na viungo vyote? Jibu ni kwamba kila homoni hupokelewa na chembe zilizo na kipokezi chake tu, yaani protini yenye umbo la kuikamata homoni hiyo. Mbiu ya mgambo hulia kwa kijiji kizima, lakini wanaoondoka nyumbani ni wale wanaohusika. Msomaji na aishike hoja hii, maana mbele tutaona jinsi uhai wa ndama unavyotegemea, si kunyamazishwa kwa mpiga mbiu, bali kuondolewa kwa masikio ya kuisikia.

III. Mwendo wa siku 21

Mzunguko wa ng'ombe huchukua siku 21 kwa wastani, aghalabu kati ya 18 na 24. Wataalamu huanza hesabu siku ya kutaka dume, wakaiita siku ya 0.

Amri ya kwanza hutoka katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo. Sehemu hii hutoa kwa vipindi homoni moja ndogo ambayo huifikia tezi ya pituitari iliyo jirani yake. Muundo wa homoni hiyo ulijulikana mwaka 1971 kwa juhudi za makundi mawili yaliyokuwa yakishindana huko Marekani, moja la Andrew Schally na moja la Roger Guillemin. Nao wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Tezi ya pituitari, ikisha kuchochewa, hupeleka homoni mbili kwenye ovari, yaani zile tezi mbili zihifadhizo mayai. Ya kwanza nitaiita homoni ya kukuza vifuko, maana ndiyo ivikuzayo vifuko vidogo vyenye maji ambavyo kila kimoja hubeba yai. Ya pili nitaiita homoni ya manjano, kwa kufuata jina lake la kitaalamu. Sababu ya rangi hiyo itaonekana punde.

Vifuko havikui kimoja kimoja, bali hukua kwa mawimbi. Katika mzunguko mmoja huwa na mawimbi mawili au matatu, na katika kila wimbi kifuko kimoja huwashinda wenzake. Kifuko kilichoshinda hutoa homoni za kuipunguza ile homoni ya kukuza vifuko, na kwa njia hiyo wadogo zake hunyimwa riziki na kusinyaa. Mojawapo ya homoni zake ni estrojeni. Wakati ufaapo, estrojeni huzidi katika damu na kutenda kazi mbili kwa mara moja. Katika ubongo huleta hamu ya dume: ng'ombe hulia, huzunguka, huwapanda wenzake, na mwishowe husimama tuli apandwapo. Na katika haipothalamasi hiyo hiyo huchochea bubujiko kubwa la homoni ya manjano, ambalo litakipasua kifuko na kulitoa yai.

Hapa ndipo ishara na dalili zinapoachana njia. Chanzo chake ni kimoja, lakini moja huelekea nje kwa mtazamaji na nyingine huelekea ndani kwa ovari. Kusimama tuli hudumu kiasi cha saa 12 hadi 18 kwa ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya. Kwa Zebu, ambao ndio wengi katika nchi zetu, muda ni mfupi zaidi, na mara nyingi mambo yote hutokea usiku. Yai hutoka yapata saa 24 hadi 32 tangu kusimama kulipoanza, yaani wakati dalili zimekwisha kutoweka. Kwa sababu hiyo G. W. Trimberger wa Nebraska, mwaka 1948, alieleza kanuni ambayo hata leo hufundishwa kwa wahimilishaji: ng'ombe aonekanaye asubuhi apandishwe mbegu jioni, na aonekanaye jioni apandishwe kesho yake asubuhi.

IV. Tezi ya manjano na kifo chake

Kifuko kikisha kupasuka hakiachwi ukiwa. Chembe za kuta zake hubadilika, mishipa mipya ya damu huingia, na baada ya siku chache mahali pale huwa pana donge ambalo kwa ng'ombe lina rangi ya manjano iliyoiva. Regnier de Graaf, Mholanzi, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1672, naye Marcello Malpighi wa Italia akalipa jina la Kilatini lenye maana ya "mwili wa manjano". Tafsiri hiyo ya neno kwa neno imekwisha kuingia katika maandishi yetu. Mimi napendelea "tezi ya manjano". Mwili wa manjano ni kitu cha kutazamwa. Tezi ni kitu chenye kazi, na kazi ya donge hili ni kubwa, maana hutoa projesteroni, homoni ambayo jina lake liliundwa kwa maana ya kutumikia mimba. Projesteroni huutayarisha mji wa mimba umpokee mgeni, tena huituliza haipothalamasi ili bubujiko jingine lisitokee. Maadamu tezi hii i hai, ng'ombe hataki dume, wala vifuko vinavyokua havipasuki.

Lakini ikiwa hapana mimba, tezi hii sharti ife, ama sivyo ng'ombe atakaa milele akimngoja ndama asiyekuwako. Ni nani aiuaye? Mwaka 1923 Leo Loeb alitoa mji wa mimba wa simbilisi, akaona tezi za manjano zikiishi kupita kiasi chake. Basi hukumu ya kifo ilitoka katika mji wa mimba wenyewe. Kitu chenyewe ni prostaglandini, na jina hili ni mfano mzuri wa neno lililozaliwa na makosa. Ulf von Euler wa Sweden, katika miaka ya 1930, alidhani kwamba kitu alichokipata katika shahawa kimetoka katika tezi ya prosteti, akakiita kwa jina lake. Baadaye ikajulikana kwamba karibu kila kiungo chaweza kukitengeneza. Mwaka 1972 John McCracken na wenzake, wakichungua kondoo, walionyesha kwamba prostaglandini ndiyo iivunjayo tezi ya manjano, na kwamba hufika kwa njia ya mkato: hutoka katika mshipa urudishao damu kutoka mji wa mimba, ikapenya moja kwa moja katika mshipa upelekao damu kwenye ovari, kwa kuwa mishipa hiyo miwili imelaliana. Njia hii ina hekima yake, maana prostaglandini ipitayo mzunguko mzima wa damu huharibiwa kwa sehemu kubwa katika mapafu.

Na amri ya kuitoa prostaglandini hutokana na homoni iitwayo oksitosini, ambayo hutoka katika pituitari na, kwa ajabu, katika tezi ya manjano yenyewe. Hivyo tezi hii hutia mkono wake katika kifo chake. Lakini oksitosini haisikilizwi siku zote. Katika sehemu kubwa ya mzunguko utando wa mji wa mimba hauna vipokezi vyake vya kutosha. Vipokezi huongezeka tu inapokaribia siku ya 16 au 17. Masikio yakisha kuota, oksitosini husikiwa, prostaglandini hutoka kwa mapigo, tezi huvunjika, projesteroni hushuka, kifuko kilichopo huendelea kukua, na ng'ombe hutaka dume tena.

V. Wajumbe wa kinga

Mpaka hapa nimesimulia habari kana kwamba homoni peke yake ndizo zisemazo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa chembe za kinga ya mwili, ambazo tulizoea kuzihesabu kama askari wa kupambana na maradhi, nazo zimo katika mazungumzo haya tangu mwanzo. Mwaka 1980 Lawrence Espey alitoa rai kwamba kupasuka kwa kifuko hufanana na jeraha lililovimba: mishipa ya damu hupanuka, maji huvuja, chembe nyeupe hukusanyika, prostaglandini hutengenezwa. Dawa zizuiazo prostaglandini, zile zile zipunguzazo uvimbe, zaweza kulizuia yai lisitoke. Baada ya hapo chembe nyeupe husaidia ujenzi wa mishipa mipya katika tezi ya manjano, na siku za kuvunjika kwake makrofaji, yaani chembe kubwa zilazo mabaki, huingia kwa wingi. Chembe hizi hupelekeana ishara ziitwazo sitokini, na baadhi ya sitokini hizo huharakisha kufa kwa tezi. Kwa hiyo chembe za kinga ni wajenzi na wabomoaji wa nyumba moja.

Liko na fumbo jingine. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza inakuwaje mama asimkatae mtoto aliye tumboni, ilhali nusu ya urithi wake ni ya baba, na mwili hukataa nyama ya mwingine ikipandikizwa. Swali hilo halina jibu moja. Lakini kwa ng'ombe sehemu ya jibu ilipatikana mahali pasipotarajiwa.

VI. Salamu ya kiinitete

Mwaka 1957, katika mji wa London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba chembe zilizoguswa na virusi hutoa kitu cha kuziwezesha chembe jirani kuvizuia virusi. Wakakiita intaferoni, kwa kitenzi chenye maana ya kuingilia kati. Miaka 30 baadaye, mwaka 1987, Kazuhiko Imakawa, R. Michael Roberts na wenzao walitangaza mpangilio wa protini ambayo viinitete vya kondoo huitoa kwa wingi kabla ya kushikamana na mji wa mimba. Ilijulikana tayari kwamba protini hiyo huirefushia maisha tezi ya manjano. Jambo la kushangaza lilikuwa kwamba ni intaferoni! Baadaye iliitwa intaferoni tau. Virusi si sababu ya kutolewa kwake, wala haipatikani ila kwa wanyama wacheuao, ng'ombe, kondoo, mbuzi na jamaa zao.

Kazi yake katika ng'ombe ni hii. Kiinitete, ambacho katika wiki ya kwanza hakifiki hata milimita moja, hurefuka ghafla kama uzi, hata kikapita sentimita 10 kufikia siku ya 16 au 17. Urefu huo humwezesha kugusa sehemu kubwa ya mji wa mimba, na kila anapogusa hutoa intaferoni tau. Nayo huuzuia utando usiote vipokezi vya oksitosini. Mbiu inapigwa, lakini masikio hayapo. Mapigo ya prostaglandini hayatokei. Tezi ya manjano inasalimika. Kwa wanawake kiinitete hupeleka homoni ya kuitegemeza tezi yenyewe moja kwa moja. Kwa ng'ombe humzuia mwuaji asisikie amri.

Salamu hii ina saa yake. R. M. Moor na L. E. A. Rowson wa Cambridge, mwaka 1966, waliviondoa viinitete katika kondoo kwa siku mbalimbali, wakaona kwamba kilichoondolewa kabla ya siku ya 12 hakiachi alama: mzunguko huendelea kana kwamba hakikuwako kamwe. Kwa ng'ombe saa hiyo ni yapata siku ya 16. Kiinitete kilichodumaa na kuchelewa kurefuka hufa, si kwa sababu ni kigonjwa lazima, bali kwa sababu mwili wa mama haukupata habari zake. Katika mitamba wenye afya mbegu hutungisha yai kiasi cha mara tisa katika kumi, lakini sehemu kubwa ya mimba hizo hupotea katika wiki tatu za kwanza. Mfugaji haoni kitu. Huona tu kwamba ng'ombe "amerudi".

Msomaji wa isimu ataitambua hali hii. Kwa Waarabu faḥl ni dume la mbegu, hasa la farasi au ngamia. Waswahili walilichukua neno wakalipa ng'ombe, likawa fahali, kisha wakampa mtu shujaa. Neno halikusahau asili yake, bali limepata kazi mpya katika nyumba mpya. Vivyo hivyo mwili wa wanyama wacheuao umechukua neno la vita dhidi ya virusi ukalifanya salamu ya mtoto kwa mama. Hata maana ya kale haikufutika: chembe nyeupe za damu ya ng'ombe mwenye mimba, zikiisikia intaferoni tau, huamsha jeni zile zile ziamshwazo na virusi, na kati ya siku ya 18 na ya 20 mabadiliko hayo yaweza kupimwa katika damu.

VII. Maana nne za kimya

Sasa turudi kwa mfugaji. Ng'ombe aliyepandishwa, siku ya 21 ikipita bila kutaka dume, husemwa kuwa ana mimba. Lakini tuliyoyaeleza yaonyesha kwamba kimya hicho kina maana nne zisizopungua. Huenda salamu ya kiinitete ilifika kwa wakati. Huenda mji wa mimba umejaa usaha baada ya kuzaa, utando wake umeharibika hata hautoi prostaglandini ipasavyo, na tezi ya manjano inaishi bila mimba. Huenda njaa au kunyonyesha kumeipunguza sauti ya haipothalamasi, na ovari zimelala. Na huenda dalili zilitokea usiku, hapana aliyekuwa macho. Kutokuonekana kwa dalili ni dalili dhaifu.

Kosa la lugha laweza hapa kuleta hasara kubwa kuliko ile ya mzee wangu. Tangu miaka ya 1970 prostaglandini hutengenezwa viwandani na kudungwa ng'ombe ili watake dume pamoja. Nimesikia ikiitwa "sindano ya joto" au "sindano ya kuleta joto". Jina hili hutaja dalili itakayoonekana baada ya siku chache, likaficha kitendo chenyewe. Ng'ombe hutegemea tezi ya manjano kwa sehemu kubwa ya mimba yake ya siku 280 hivi, na hasa katika miezi mitano ya mwanzo; akidungwa katika miezi hiyo, mimba huharibika. Lau ingeitwa "sindano ya kuvunja tezi ya manjano", mwenye ng'ombe angeuliza kwanza: je, tezi hii hailindi kitu?

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja kwa waundao istilahi za fani hii. Jambo aonalo mfugaji liitwe kwa jina la dalili ambalo yeye mwenyewe hulitumia, kama vile kutaka dume na kusimama tuli. Jambo litendekalo ndani liitwe kwa kazi yake: tezi ya manjano, homoni ya kukuza vifuko, kipokezi. Majina ya vitu vyenyewe, kama estrojeni na intaferoni, yachukuliwe kwa matamshi yetu bila kutafsiriwa, maana tafsiri ya neno lililozaliwa na makosa hulizaa kosa mara ya pili. Uhimilishaji umekwisha kutuonyesha njia: ndani yake mna himila, mimba, na kuhimili, kubeba, na kila asikiaye huelewa kwamba ng'ombe anafanywa abebe.

Kijitabu nilikiandika upya. Mahali pa sentensi ile ya zamani niliweka hii: "Ng'ombe akitaka dume, akisimama tuli apandwapo na wenzake, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, kisha hesabu siku 21." Kabla ya kukipeleka mtamboni nilikwenda kumsomea mzee yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, kisha akasema, "Mwalimu, ongeza neno moja. Andika: amwangalie na usiku."

Nimeliongeza. Nawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa waliokaa na wafugaji wa lugha zetu nyingine, waniletee majina yatumikayo huko kwa mambo niliyoyaeleza, pamoja na masahihisho yao.